Kuchagua na Kufunga Darubini ya Bunduki kwa Uwindaji wa Jioni

Mwambao wa Tanga hauna jioni ndefu. Jua likishazama, mwanga unaotosha kumtofautisha ngiri na kichaka hudumu kama dakika 20 tu, na kwa kuwa sheria haimruhusu mwenye leseni kuwinda usiku, darubini yake inapaswa kufaa kwa muda huo mfupi.

Wauzaji hupenda kusifia ukuzaji mkubwa, lakini jioni ukuzaji huo huo ndio unaotia giza. Darubini iliyoandikwa 8x56 hukuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 56; ukigawanya 56 kwa 8 unapata milimita 7, ambao ndio upana wa mwali unaofika jichoni. Mboni ya kijana hupanuka gizani hadi karibu milimita 7, ilhali ya mtu wa makamo mara nyingi huishia 5 au pungufu, kwa hiyo mzee anayenunua lenzi ya 56 huenda akabeba uzito usiomfaidi, kwani hata 8x42 humpa zaidi ya milimita 5. Mwenye darubini ya 3-9x40, yaani inayoweza kukuza kuanzia mara 3 hadi 9, asiione haifai: akiishusha kutoka 9 hadi 6 jua linapotua, mwali hupanuka kutoka milimita 4.4 hadi 6.7.

Bomba la milimita 30 haliongezi mwanga kwa unene wake. Faida yake kubwa ni nafasi zaidi ya kurekebisha shabaha. Kinachoongeza mwanga ni ubora wa vioo na utando uliopakwa juu yake. Ikaribishe lenzi kwenye taa: ikirudisha weupe mkali kama kioo cha dirisha, iache; ikirudisha kijani au zambarau iliyofifia, hiyo ni dalili njema, ingawa haitoshi peke yake. Baadaye toka nayo nje jua likishazama, utazame chini ya mwembe wenye kivuli kizito, kwani mwanga wa dukani hupendezesha kila darubini. Angalia pia kama mistari ya msalaba wa kulengea iliyo ndani ya darubini bado inaonekana. Mistari myembamba hupotea mapema, na nukta inayowaka hufaa tu iwapo inaweza kupunguzwa hadi isikuumize jicho.

Pete zinazoishika darubini zilingane na bomba, yaani milimita 25.4 au 30, na vitako, yaani vipande vya juu ya bunduki vinavyobeba pete, vilingane na aina ya bunduki yenyewe. Chagua pete fupi kadiri inavyowezekana, mradi lenzi ya mbele isiguse mtutu na komeo la kuingizia risasi lifunguke bila kukwama. Kwa maoni yangu ni afadhali kupunguza bei ya darubini kuliko kununua pete dhaifu, kwa sababu pete ikiteleza hata kioo bora hakikusaidii.

Kabla ya kufunga, hakikisha bunduki haina risasi, kisha futa mafuta kwenye vitako na matundu ya skrubu. Weka darubini bila kuikaza, ipandishe kwenye ukuzaji wa juu kabisa, fumba macho, tia bunduki begani, kisha fumbua: ukiona duara kamili lisilo na kivuli cheusi pembeni, umbali ni sahihi, ambao kwa kawaida ni sentimita 9 hivi kutoka jichoni. Bunduki inayorudi nyuma kwa nguvu ikifungiwa darubini karibu mno hupasua nyusi. Ninginiza timazi ya fundi mwashi mbali kidogo, weka bunduki sawa bila kuinama upande, na uulinganishe msalaba na uzi wake. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, nafasi ya pande zote mbili za pete ikibaki sawa, na usizidi kipimo cha mtengenezaji. Pete nyingi hutaka takriban niutoni-mita 2.

Baada ya kulenga na kurekebisha shabaha katika uwanja ulioruhusiwa, chora kistari cha rangi ya kucha kinachovuka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye pete, ili ukifika Handeni baada ya barabara ya vumbi na makorongo ujue kwa kutazama tu kama kuna skrubu iliyolegea.