Nakala za kesi ya ndoa au mirathi: jalada liko wapi na uliombeje

Karani wa masjala akiambiwa "nataka karatasi za kesi ya talaka ya mama", hana pa kuanzia. Majalada hayapangwi kwa majina ya watu. Yanapangwa kwa aina ya shauri, namba na mwaka: Shauri la Ndoa Na. fulani la mwaka fulani, Mirathi Na. fulani ya mwaka fulani. Ukifika dirishani na namba, kazi yako ni ya kuandika barua na kulipia. Ukifika bila namba, kazi yako ni upelelezi, na ni afadhali upelelezi huo uufanyie nyumbani kabla ya kupanda daladala.

Haya yote yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake, na huko mashauri ya ndoa na mirathi za Waislamu yako Mahakama ya Kadhi.

Ni mahakama ipi?

Kwa talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu shauri kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa hiyo usidhani, uliza wanaojua. Na kabla ya yote hakikisha kesi ilikuwepo. Wengi hutafuta jalada mahakamani kumbe ndoa iliishia kwa talaka iliyoandikwa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au kikao cha Baraza la Usuluhishi la Kata. Hati ya baraza inasema tu kwamba usuluhishi umeshindikana. Hiyo si talaka ya mahakama, na kumbukumbu zake ziko kwenye baraza lenyewe.

Kwa mirathi, kosa kubwa ni kuanzia kijijini alikozikwa marehemu. Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka ni ile ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu alipofariki. Mzee aliyeishi Mbagala miaka thelathini akazikwa Same, jalada lake litafute Dar es Salaam. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mingine iko Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Dar es Salaam kuna pia Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichotengwa kwa mashauri ya mirathi, ndoa na familia. Kama kesi ni ya kuanzia 2021, kipe nafasi mapema katika kutafuta kwako.

Namba inapojificha

Pekua makabati. Samansi ya zamani, risiti ya ada, barua iliyopelekwa benki ili fedha za marehemu zitolewe, karatasi za kuhamisha kiwanja: zote huwa na namba ya shauri juu. Kwenye mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, karatasi ya kutafuta ni Fomu Na. IV, ile ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Nakala yake hubaki kila mahali msimamizi alipoipeleka, hata kama yeye mwenyewe ameipoteza.

Kama kesi ilifika rufaa Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, ingia TanzLII, tovuti ya bure inayoweka hukumu. Tafuta kwa jina la ukoo, na ujaribu tahajia zaidi ya moja (Mohamed, Mohamedi, Muhammad). Hukumu nyingi za zamani za mahakama za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwani Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama zote kwa marekebisho ya sheria ya 2021. Ukiipata hukumu, usikimbilie mwisho. Soma ukurasa wa kwanza, chini ya majina ya wadaawa (pande za kesi): pameandikwa shauri limetoka mahakama gani, kwa namba gani, likapitia wapi. Mistari hiyo mitatu au minne inaokoa safari nyingi.

Ikishindikana kabisa, omba karani apekue rejista ya mwaka husika. Mpe majina kamili ya pande zote mbili na muda usiozidi miaka miwili. "Kati ya 1995 na 2010" ni kumwambia akatae kwa adabu. Mashauri mapya yana namba ndefu inayotolewa na mfumo wa mtandao. Inakili yote, tarakimu kwa tarakimu.

Omba nini hasa

"Nakala za kesi" si ombi. Hukumu ni maelezo ya hakimu na sababu zake. Tuzo ni karatasi fupi ya amri zilizotolewa. Mwenendo ni kumbukumbu ya kila kilichosemwa mahakamani, na ndio unaochelewa zaidi, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo hakimu aliandika kwa mkono na lazima uchapwe. Anayetaka kusajili talaka RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa) aombe hukumu na tuzo. Benki inataka uteuzi wa msimamizi. Mrithi anayeshuku msimamizi aombe Fomu Na. V na VI, yaani orodha ya mali na madeni, ambayo msimamizi alitakiwa kuirudisha mahakamani ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa au muda zaidi uliotolewa na mahakama, na hesabu ya mirathi, ambayo hurudishwa baada ya hapo kwa vipindi vilivyopangwa na mahakama. Kama hazimo jaladani, hilo nalo ni jibu.

Barua iwe fupi, kwa Hakimu Mfawidhi (hakimu anayesimamia mahakama) wa mahakama husika, au kwa Naibu Msajili ikiwa ni Mahakama Kuu:

*YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA HUKUMU NA TUZO, SHAURI LA NDOA NA. … LA MWAKA …, KATI YA … NA …*

*Mimi ni mdai katika shauri tajwa, lililoamuliwa tarehe … . Naomba nakala moja iliyothibitishwa ya hukumu na nakala moja ya tuzo, kwa ajili ya usajili wa talaka. Nipo tayari kulipia gharama. Simu: …*

Kama wewe si mdaawa, eleza maslahi yako (mtoto wa marehemu, mnunuzi wa nyumba) na uambatanishe kithibitisho, kama cheti cha kuzaliwa au mkataba wa mauzo. Mashauri ya watoto, hasa kuasili, hayafunguliwi kwa kila mtu; bila kuwa mhusika au kuwa na ruhusa ya mahakama, usitarajie kitu.

Peleka barua nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha uitunze kama fedha. Ndiyo ushahidi wako wa siku uliyoomba. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Hela ya mkononi isiyo na risiti usiitoe, hata iitwe "ya karatasi".

Kama unakata rufaa

Rufaa ya shauri la ndoa ina siku 45. Mirathi iliyoamuliwa Mahakama ya Mwanzo ina siku 30. Hapa watu wengi huumia: rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo hailazimiki kuambatana na nakala ya hukumu, kwa hiyo "nilikuwa nasubiri nakala" ni utetezi dhaifu. Wasilisha rufaa, nakala zitafuata. Kwenda Mahakama ya Rufani ni tofauti: barua ya kuomba mwenendo iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufaa apelekewe nakala yake. Ukisahau hiyo ya mjibu rufaa, siku ulizosubiri nakala huenda zisiondolewe kwenye hesabu ya muda wa kukata rufaa.

"Jalada halionekani"

Mara nyingi halijapotea, limeitishwa. Rufaa au ukaguzi hulipeleka Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu na linakaa huko. Uliza swali hili kwa maneno haya: "Liliondoka lini, kwenda wapi, na nani alisaini kulipokea?" Daftari la makabidhiano litajibu. Likiwa limefungwa miaka mingi, huenda liko stoo ya kumbukumbu. Acha barua na urudi siku utakayopangiwa. Likithibitika limepotea kweli, andika kwa Hakimu Mfawidhi ukiomba jalada liundwe upya, ukiambatanisha kila nakala uliyonayo. Wadaawa wataitwa walete zao.

Usiondoke dirishani kabla ya kusoma

Soma ukiwa bado hapo. Linganisha majina na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, namba ya shauri, tarehe, saini, na muhuri wa nakala halisi. Hakikisha kurasa zinafuatana. "Asha Juma" kwenye tuzo na "Asha Jumaa" kwenye kitambulisho hukwama benki, na kusahihishwa ni kazi ya mahakama iliyotoa hati, si ya mwanasheria wa mtaani kwa kalamu.

Nakala ya kutumika Oman, Uingereza au kwingine iombe imethibitishwa na mahakama kwanza, ndipo itafsiriwe (BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya tafsiri za hati), halafu ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje. Uliza ubalozi husika kama unataka muhuri wa Wizara uwe juu ya hati ya asili, juu ya tafsiri, au vyote viwili.