Ripoti za wanafunzi kutoka mapema: kaizen shuleni, hatua kwa hatua

Mtihani umeisha, wiki tatu zimepita, ripoti bado. Walimu wamechoka na hakuna aliyekaa bure. Kinachokaa bure ni karatasi.

Mbinu za kaizen, yaani kuboresha kazi kwa hatua ndogo ndogo zisizokoma, zilikomaa katika viwanda vya Toyota chini ya Taiichi Ohno na wenzake, miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Tutazitumia kwenye kazi moja tu: safari ya ripoti kuanzia mwanafunzi anapoweka kalamu chini hadi ripoti iwe tayari kukabidhiwa. Shule ya mfano ina mikondo 12 yenye wanafunzi 40 kila mmoja, yaani wanafunzi 480, na masomo 9. Weka tarakimu zako.

Usianze na 5S, yaani utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi. Kupanga makabati na kubandika lebo kunapendeza kwenye picha, lakini ripoti haitatoka hata siku moja mapema. Makabati tutayarudia.

Hatua ya 1: Ifuate ripoti kwa miguu

Chagua mwanafunzi mmoja na ufuate karatasi zake zote. Kila zinapotua, andika vitu viwili: dakika zilizofanyiwa kazi, na siku zilizosubiri kabla ya kuguswa tena. Usiridhike na kuuliza. Ukimuuliza mtu kazi yake inachukua muda gani, atakutajia dakika za kalamu na kuzisahau siku za mezani. Njia rahisi ni kuandika tarehe pembeni mwa fungu kila linapobadilisha mikono.

Katika mfano wetu: kusahihisha masomo 9 kwa dakika 4 ni dakika 36, kuingiza alama 2, maoni ya mwalimu wa darasa 3, sahihi ya mkuu wa shule 1. Jumla dakika 42. Ripoti ikitoka siku ya 21, zilizobaki zote zimeliwa na kusubiri. Wajapani huita upotevu wa namna hii *muda*, na kwa mwenye Kiswahili neno hilo halihitaji tafsiri.

Hatua ya 2: Alama iandikwe mara moja

Mara nyingi alama moja huandikwa mara nne: kwenye karatasi ya mtihani, daftari la mwalimu, fomu ya alama, kisha ripoti. Ukikosea alama moja tu katika kila 100, kwa masomo 9 utapata ripoti 3 au 4 zenye kosa katika kila mkondo wa watu 40. Kila moja itarudi.

Toa madaftari na fomu. Mwalimu wa somo aingize alama moja kwa moja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye jedwali moja la Excel, na ripoti ijaze yenyewe kutoka humo. Weka kinga kwenye seli za alama, kuanzia C2, kupitia Data Validation, chaguo la Custom:

=OR(C2="HK",AND(ISNUMBER(C2),C2>=0,C2<=100))

HK ni "hakufanya". Seli tupu iwe na maana moja tu: bado haijasahihishwa. Anayeweka 0 kwa mwanafunzi ambaye hakuwepo anamshushia wastani, ilhali fomula ya AVERAGE huruka maandishi kama HK. Angalia mambo mawili. Kinga hii haizuii alama zilizobandikwa kutoka faili jingine, kwa hiyo kataza kunakili na kubandika. Pia haijui kama 81 ilipaswa kuwa 18. Hapo dawa ni watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti jina na alama, mwingine akitazama karatasi.

Hatua ya 3: Mafungu madogo, mpangilio mmoja

Hapa ndipo shule nyingi hukwama, tena baada ya kuamini kwamba zimefaulu.

Mwalimu mwenye mikondo 5 ana karatasi 200. Kwa dakika 4 kila moja na saa 2 za kusahihisha kwa siku, anamaliza 30 kwa siku, hivyo 200 zinamchukua siku 7. Akisubiri kumaliza zote ndipo akabidhi, hakuna mkondo unaopata alama kabla ya siku ya 7. Akikabidhi mkondo mmoja mmoja, wa kwanza unatoka siku ya 2. Kasi ya kalamu yake ni ileile.

Mpaka hapo kila mtu anakubali. Mtego ni huu: mwalimu wa hisabati anaanza na 1A, wa historia na 3C, wa fizikia na 2B, kila mmoja na mkondo anaoupenda. Wote wanakabidhi mafungu madogo kama walivyoambiwa, lakini mwalimu wa darasa la 1A ana masomo 4 kati ya 9 na hawezi kuandika neno. Mkondo wa kwanza kukamilika unapatikana karibu siku ileile ya zamani, na watu wanasema kaizen haifai shuleni. Fungu dogo bila mpangilio mmoja halikusaidii kitu. Kabla ya mtihani, bandika orodha moja ya mikondo, wa 1 hadi wa 12. Kila mwalimu anaifuata kutoka juu kwenda chini, akiruka mikondo ambayo si yake.

Kisha angalia haya, kwa sababu kila moja linaweza kuivuruga orodha:

Ratiba ya mtihani. Somo la insha ambalo karatasi moja inataka dakika 8 likiwekwa siku ya mwisho, mikondo yote 12 italisubiri. Masomo mazito kusahihisha yafanywe siku za mwanzo.

Mwalimu mwenye mzigo mkubwa. Zidisha karatasi za kila mwalimu kwa dakika. Yule mwenye jumla kubwa ndiye anayepanga tarehe ya shule nzima, hata kama hajui. Muondolee zamu za usimamizi wa mtihani, na mpe mtu wa kumjumlishia alama. Kumsaidia mwalimu mwingine yeyote hakutasogeza tarehe.

Haki katika kusahihisha. Walimu hushikilia mafungu kwa hoja nzuri: wanataka kulinganisha mikondo. Usiwabeze. Kabla ya kuanza fungu la kwanza, mwalimu achukue karatasi 10 kutoka mikondo tofauti, azisahihishe, kisha arekebishe mwongozo wa majibu pale wanafunzi walipojibu sawa kwa njia isiyotarajiwa. Baada ya hapo mwongozo haubadilishwi. Abakize karatasi 3 kati ya hizo kama kipimo, moja dhaifu, moja ya kati, moja nzuri, na azipitie kabla ya kufungua kila fungu jipya. Hiyo ni kazi ya dakika 5. Mwongozo ukibadilika katikati, mafungu yaliyokwisha toka yanarudi, na hakuna kinachopoteza siku kama hicho. Ndani ya fungu asahihishe swali kwa swali: swali la 1 kwa wote 40, kisha la 2.

Nafasi ya jumla. Ripoti ikionyesha kwamba mwanafunzi ni wa 57 kati ya 160, haiwezi kutoka hadi mkondo wa mwisho wa kidato hicho ukamilike. Tarakimu moja inafunga ripoti 160 kwenye karatasi iliyochelewa kuliko zote. Ningeiondoa kabisa na kubakiza nafasi ndani ya mkondo. Isipowezekana, maoni na sahihi viendelee, na nafasi ijazwe mwisho kabla ya kuchapa.

Hatua ya 4: Ubao

Tumia karatasi kubwa ukutani, chumba cha walimu. Programu za simu ziache. Asiyeifungua haoni kitu, na anayechelewa ndiye asiyeifungua. Chora mistari 12 ya mikondo, safu 9 za masomo, kisha safu tatu: maoni, sahihi, tayari. Anayemaliza anaandika tarehe kwenye kisanduku chake kwa mkono wake mwenyewe. Usiandike majina ya watu wala kutumia rangi nyekundu. Kisanduku kitupu kinatosha.

Hatua ya 5: Sahihi

Sahihi 480 kwa dakika moja ni saa 8. Mkuu wa shule akiletewa rundo zima siku moja, atasaini bila kusoma au atasaini wiki ijayo. Mpelekee mkondo mmoja mmoja, asome dakika 40 kila asubuhi kabla ya wageni. Mezani pake isikae zaidi ya mikondo 2. Wa tatu ukifika, mwalimu wa taaluma aulize kulikoni badala ya kuuongeza juu ya rundo. Hesabu yake ni nyepesi: mikondo 6 ikiwa mezani, naye anamaliza 1 kwa siku, unaoingia leo utatoka baada ya siku 6.

Hatua ya 6: Dakika 10 mbele ya ubao

Kila siku, watu wakiwa wamesimama. Swali ni moja: mkondo ulio juu kabisa kwenye orodha unasubiri nini? Likijibiwa, mkutano umekwisha.

Hatua ya 7: Baada ya ripoti ya mwisho

Andika chini ya ubao siku ambayo mkondo wa kwanza ulikuwa tayari, siku ya wa mwisho, na idadi ya ripoti zilizorudishwa kwa makosa. Piga picha kabla ya kuubandua. Muhula ujao badilisha jambo moja tu, la sivyo hutajua lipi lilileta tofauti. Sasa rudi kwenye makabati: rafu moja yenye visanduku 12 kwa mpangilio uleule wa orodha, na fungu lisilo na kisanduku lirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo.