Kabla ya kuweka siku ya bustani ya michezo katikati ya safari ya baiskeli

Kikundi cha Lubumbashi kinachopanga kwenda Livingstone, kusini mwa Zambia, kwa baiskeli katika likizo ya Julai na Agosti hakikosi mtu wa kusema: tukifika Lusaka tupumzike siku moja, tuwapeleke vijana kwenye bustani ya michezo, yenye mitelezo ya maji na mashine za kuzungusha. Napenda wazo hilo. Vijana waliovumilia vumbi la malori kutoka mpakani Kasumbalesa wanastahili siku ya kupiga kelele. Lakini ninyi mnaoongoza, msiihesabu siku hiyo kuwa ya mapumziko. Ipangieni maji, chakula na usingizi kama mnavyozipangia siku za barabarani.

Angalieni hali ya mwili wakati huo. Mmepita Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi, kisha mmemaliza kipande cha Kabwe hadi Lusaka, karibu kilomita 140. Sukari ambayo misuli huweka akiba imekwisha, na baada ya siku ndefu namna hiyo huchukua takriban saa 24 za kula vizuri kurudi. Bustani inadai mambo ambayo pedali hazikuwazoeza: kusimama foleni damu ikituama miguuni, kutembea juu ya saruji, kupanda na kushuka ngazi za mitelezo. Kushuka ngazi ndiko kubaya zaidi. Misuli ya mapaja inazuia mwili usianguke huku yenyewe ikivutwa, na kazi ya aina hiyo huleta maumivu yanayojitokeza kesho yake au keshokutwa. Mwendesha baiskeli hodari huishia kushangaa kwa nini miguu yake imegoma baada ya siku ambayo hakupanda baiskeli kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda. Baada ya Lusaka barabara ya kusini inapita Kafue, kisha inaingia kwenye vilima vya Munali kabla ya Mazabuka. Kutoka bustanini jioni, kisha alfajiri kuanza safari ya Mazabuka, zaidi ya kilomita 120, ni kuwaumiza watu bila sababu. Wekeni siku nzima ya kulala na kula kwanza, bustani siku ya pili, na siku ya tatu mwishie Kafue tu, kama kilomita 45. Vilima mtavikuta asubuhi inayofuata mkiwa na nguvu. Kama likizo haina nafasi ya siku hizo, bustani iwekwe wakati wa kurudi, baiskeli zikiwa juu ya basi. Mimi ningechagua hivyo hata nafasi ikiwepo.

Jambo la pili watu huona haya kulizungumza, nalo ndilo linalokatisha safari: michubuko ya makalio na mapaja. Siku kadhaa juu ya kiti cha baiskeli, jasho na kaptula isiyokauka vizuri huacha ngozi laini, wakati mwingine na vijipu. Mtelezo wa maji husugua hapohapo, na dawa ya kwenye bwawa inawasha na kuikausha ngozi. Kisha mtu anashinda na nguo mbichi hadi jioni. Usiku wa kuamkia bustani, mwanamume mzima mmoja aongee na wavulana, na mama mmoja aongee na wasichana, kwa faragha na kwa heshima. Mwenye kidonda kilicho wazi asiingie majini. Wengine wote wabebe nguo kavu za kubadilisha mara tu wanapotoka.

Mashine za kuzungusha na treni za kushuka kwa kasi zina shida yake. Shingo na mabega yamekaa yameinama mbele kwa siku nyingi, kwa hiyo mtikiso wa ghafla unauma kuliko kawaida. Aliye na ganzi vidoleni kwa sababu ya kushika usukani hawezi kujishikilia vizuri, huyo aziache. Kichefuchefu nacho hukata hamu ya kula, na jioni hiyo ndiyo mnayohitaji watu wale sana. Malizeni mizunguko mapema mchana. Msitegemee soda na mandazi ya kibandani: bebeni karanga, ndizi, viazi vitamu na maji ya kutosha, mkishaulizia mlangoni kama chakula kinaruhusiwa kuingia. Usiku tafuteni nshima na maharagwe, maana nshima ya Zambia ni bukari yetu ileile, yaani ugali, na tumbo linaijua.

Agosti inadanganya. Asubuhi ni baridi, watu wanavaa majaketi, saa sita jua linachoma na hewa ni kavu hata jasho halionekani. Kofia, na maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Viatu viwe raba. Kandambili zibaki za majini.

Baiskeli msiende nazo. Zifungwe ndani mnakolala, na mtu mzima abaki nazo, apangiwe zamu ili naye afurahi baadaye. Pasipoti zikae na kiongozi mmoja, pamoja na kwacha zilizotengwa kwa kiingilio, ili watu wasiguse fedha za barabarani.

Semeni pia, kabla hamjaondoka Lubumbashi, kwamba hakuna anayelazimishwa kwenda. Baba mwenye miaka hamsini anayetaka kulala mchana kutwa asiitwe mvivu, wala kijana asijitutumue kwa kuogopa kuchekwa.

Asubuhi ya kuondoka, kiongozi azungukie kila mmoja: umelala, umekula, mkojo una rangi gani, ngozi inaendeleaje? Mwenye kizunguzungu au mkojo wa rangi nzito apande gari la kusindikiza hadi Kafue. Na arudie onyo la tangu Kasumbalesa, kwamba huku Zambia tunapita kushoto, si kulia kama nyumbani Kongo. Kichwa kikichoka, mazoea ya nyumbani hurudi, na kwenye makutano ya kutokea Lusaka mtu huangalia upande usio wenye gari.