Una presha na mwili unauma: umeze dawa gani, uache ipi

1. Pima kwanza. Kaa ukiwa umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ikisoma 180/120 na kuendelea huku kichwa kinagonga vikali au macho yana ukungu, wahi hospitali. Kifua kikibana au upande mmoja ukilegea, usisubiri hata namba.

2. Tafuta jina la dawa yenyewe. Huwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Ukikuta Diclofenac, Ibuprofen, Naproxen, Piroxicam au Meloxicam, mrudishie muuzaji. Zote ni ukoo mmoja. Kemikali za mwilini ambazo dawa hizi huzizuia ili maumivu yatulie ndizo pia zinazosaidia figo kupata damu na kutoa chumvi. Zikizuiwa, mwili unabaki na chumvi na maji, presha inapanda, na dawa yako ya presha inapungua nguvu. Aliye hatarini zaidi ni anayemeza losatani au enalaprili (dawa za presha) pamoja na dawa ya kukojoza: akiongeza diklofenaki, tena anaharisha au hanywi maji, figo zinaweza kufeli kwa siku chache tu. Dawa ikihesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha, usiondoke dukani kabla jina halijaandikwa juu yake.

3. Anza na paracetamoli. Mtu mzima mwenye ini zima: vidonge 1 au 2 vya mg 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Chini ya kilo 50, au mnywaji wa pombe, muulize mfamasia akupunguzie. Tumia siku 2 au 3 tu. Utafiti wa Edinburgh wa 2022 ulionyesha kuwa gramu 4 kila siku kwa wiki 2 zilipandisha namba ya juu ya presha kwa takriban 5. Zile za kuyeyusha kwenye maji ziache; kidonge kimoja kinaweza kubeba sodiamu karibu mg 400.

4. Goti au kiungo kimoja? Jeli ya diklofenaki ya kupaka kwa siku chache ni afadhali, maana kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Mwenye tatizo la figo aulize kwanza.

Maswali ya wanachama

*Diclopar si ina panadol ndani?*
Ina paracetamoli na diklofenaki pia, kwa hiyo haikufai. Ukiongeza Panadol juu yake, unazidisha paracetamoli bila kujua.

*Sindano je? Haipiti tumboni.*
Inapita kwenye damu, na damu hiyohiyo inafika kwenye figo. Madhara kwa presha ni yaleyale.

*Mama alipata kiharusi, anameza aspirini ya mg 75. Aache?*
Asiache, ndugu. Kipimo hicho ni cha kuzuia damu isigande, na aliyemwandikia ndiye wa kuibadilisha. Ila asichanganye na ibuprofeni, inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake.

*Na dawa za mafua?*
Zenye Pseudoephedrine au Phenylephrine hubana mishipa na kupandisha presha. Nyingi zina paracetamoli pia, ihesabu kwenye vile vidonge 8.