Mbwa Anayekula Sana na Bado Anakonda: Jinsi ya Kuchunguza Tezi ya Shingo Inayofanya Kazi Kupita Kiasi

Mbwa wa kulinda ua hapa Kisumu akianza kukonda, wengi wetu hupita kwanza katika duka la agroveti na kununua dawa ya minyoo, na uamuzi huo mara nyingi si mbaya, kwa kuwa minyoo huwapata mbwa wengi na dawa yake haigharimu sana. Mwongozo huu unamhusu mbwa ambaye dawa hiyo imeshindwa kumsaidia: anamaliza ugali wake na kulamba sufuria, anakunywa maji kuliko zamani, anakojoa mara kwa mara, hatulii usiku, huenda amekuwa mkali kwa watu anaowafahamu, na mbavu zake zinazidi kuonekana.

Miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mbwa awe hivyo ni tezi ya thairoidi, iliyo shingoni kando ya koo la hewa, ambayo hutoa homoni inayoamua kasi ya mwili kutumia chakula. Homoni hiyo ikizidi, moyo hudunda haraka na misuli huliwa na mwili wenyewe ingawa tumbo limejaa. Ni lazima niseme mapema kwamba hali hii ni adimu kwa mbwa. Paka wazee ndio wanaoipata kwa wingi, ilhali kwa mbwa shida ya kawaida ya tezi hii ni kinyume chake, yaani tezi kulegea na mnyama kunenepa na kuzubaa. Uadimu huo una faida yake, kwa sababu visababishi ni vichache na mwenye mbwa anaweza kuvifuata kimoja baada ya kingine, akianzia jikoni kwake kabla ya kufikia hofu ya saratani.

Anza kwa kuandika. Mpime mbwa uzito kila wiki kwa mizani ile ile. Kama hana utulivu wa kusimama juu yake, mbebe, simama naye, kisha utoe uzito wako. Hesabu mapigo ya moyo akiwa amelala, ukiweka vidole ndani ya paja mahali ambapo mshipa unadunda, kwa sekunde 15, halafu uzidishe kwa nne. Mbwa wa umbo kubwa aliyetulia huwa kati ya mapigo 60 na 100 hivi kwa dakika, na wa umbo dogo anaweza kufika 140. Hesabu pia pumzi zake akiwa usingizini, ambazo kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Ni vyema kufanya haya alfajiri, kwa maana kuhema kwa mbwa saa nane mchana katika joto la Kisumu hakumwambii mtu chochote, tofauti na Nakuru ambako hewa ni baridi zaidi na kuhema ovyo huonekana upesi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo ni kuchunguza kile kinachoingia katika sufuria ya mbwa. Wengi wetu huwalisha mbwa mabaki ya bucha, na kwa upande wa homoni hii hakuna ubaya katika mapafu, matumbo au vipande vya mafuta. Hatari iko katika nyama ya koo. Tezi ya ng'ombe imeshikamana na sehemu ya juu ya koo la hewa, chini kidogo ya kongomeo, na ni kinyama bapa chenye rangi nyekundu ya kuelekea kahawia, kila upande kimoja, ambacho kisu cha haraka hukiacha pale pale. Mbwa anayekula koo hizo siku baada ya siku anakula homoni ya ng'ombe, na mwili wake hauwezi kuitofautisha na ya kwake. Tezi yake mwenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, hata ikawa imepunguza kazi, huku damu ikiwa imefurika homoni iliyotoka buchani.

Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu homoni hii huvumilia moto wa jikoni. Mnamo 1984 na 1985 watu katika majimbo ya Minnesota, South Dakota na Iowa nchini Marekani waliugua baada ya kula nyama ya kusaga iliyochanganyika na tezi za ng'ombe, ingawa ilikuwa imepikwa. Chakula cha mbwa cha dukani nacho hakina kinga ya moja kwa moja: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo hiyo ilitoa tahadhari kuhusu vyakula fulani vya mbwa vya nyama ya ng'ombe vilivyokutwa na homoni hiyo.

Kwa hiyo muulize mwenye bucha bila haya kile anachokufungia katika karatasi. Ikiwa ni koo au shingo iliyokatwa pamoja na koo, acha kabisa, na umlishe mbwa ugali kwa omena iliyochemshwa, au maini kidogo, au mapafu yaliyotengwa vizuri na koo la hewa. Kisababishi kikiwa ni hicho, utulivu na uzito huanza kurudi ndani ya majuma machache, na damu hupimwa tena baada ya wiki nne hadi nane ili kuthibitisha. Mwambie daktari kuhusu koo hizo hata kama unaona aibu kidogo, kwa kuwa habari hiyo moja inaweza kumwokoa mbwa na upasuaji usiohitajika.

Baada ya sufuria, tazama vidonge. Mbwa aliyewahi kuambiwa tezi yake imelegea hupewa vidonge vya thairoksini, yaani homoni ile ile ya tezi, na dozi ikizidi, au ikaachwa ile ile wakati uzito wake umepungua, dawa yenyewe huleta dalili nilizozitaja. Dozi ya mbwa kwa kila kilo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya binadamu, kwa hiyo usikadirie kwa kulinganisha na vidonge vya nyanya yako, na pia usiipunguze kabla ya kuzungumza na daktari aliyeiandika. Ikiwa kuna mtu nyumbani anayetumia dawa hii, hesabu vidonge vyake ili kujua kama mbwa hajavila. Tena, kama unafuga mbwa wawili na mmoja yuko kwenye dawa, fahamu kwamba mwenzake anayekula kinyesi chake anaweza kupata homoni kwa njia hiyo. Ni jambo la kuchukiza, lakini linatokea.

Sufuria na vidonge vikiwa havina lawama, ndipo shingo inapopewa uzito wake. Tezi nzima ya mbwa haishikiki kwa vidole. Pitisha vidole taratibu pande zote mbili za koo la hewa, kutoka kwenye kongomeo kushuka kifuani, na usifinye, kwa kuwa uvimbe wa tezi huwa na mishipa mingi ya damu. Ukigusa kitu kama jiwe dogo au yai upande mmoja, hasa kwa mbwa mwenye umri wa miaka tisa na zaidi, usingoje mwisho wa mwezi. Kukohoa, kumeza kwa shida na kubadilika kwa sauti ya kubweka ni ishara nyingine za uvimbe huo. Kwa mbwa, vimbe nyingi za tezi zinazogunduliwa kwa kushikwa ni za saratani, ingawa ni sehemu ndogo tu kati yake zinazotoa homoni kupita kiasi. Hata hivyo, si kila shingo iliyovimba ina maana hiyo. Rovu linalotokana na upungufu wa madini ya iodini huvimbisha tezi huku homoni ikiwa chini.

Unapompeleka mbwa kwa daktari wa mifugo, hakikisha amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na ubebe daftari lako. Omba kipimo cha thairoksini katika damu, na uulize sampuli itapimwa wapi. Hapa pana mtego ambao wenye mbwa wengi hawaujui. Maabara za mbwa huweka kikomo cha juu karibu na nanomoli 50 kwa lita, ilhali kwa binadamu kiwango cha kawaida huanzia karibu 60 na kupita 140. Mbwa mwenye 90 ni mgonjwa, lakini maabara inayotumia viwango vya watu itaandika kwamba yuko sawa. Vivyo hivyo, kipimo cha binadamu cha homoni inayoiamrisha tezi hakiisomi vizuri ile ya mbwa. Kwa upande mwingine, mbwa mnene aliyezubaa akipatikana na kiwango cha juu, daktari atashuku kingamwili zinazovuruga kipimo, wala si tezi iliyozidisha kazi. Kisukari pia hupimwa siku hiyo hiyo, kwa sababu nacho huleta kiu na kukonda pamoja na hamu ya kula.

Uvimbe ukithibitishwa, picha ya kifua hupigwa ili kuona kama saratani imefika mapafuni. Uvimbe unaosogea chini ya ngozi hukatwa kwa urahisi zaidi kuliko uliojishikiza kwenye nyama za ndani, na ndiyo sababu wiki chache za kuchelewa zina gharama. Dawa za kabimazoli na methimazoli hushusha homoni na kuupumzisha moyo wakati wa kusubiri upasuaji, lakini haziuondoi uvimbe. Kabimazoli ya duka la dawa la watu isitolewe kwa kukisia. Mbwa aliyekatwa tezi pande zote mbili atahitaji vidonge vya thairoksini maisha yake yote, pamoja na uangalizi wa madini ya kalisi katika siku za kwanza, kwa kuwa vitezi vidogo vinavyoyasimamia hukaa pale pale na huweza kuondolewa pamoja na uvimbe.