Somo: Kuufanya mtazamo mzuri uwe tabia ya kila siku

Ndugu wanachama, wengi wetu mtazamo mzuri tunao. Tunaamka na nia njema kabisa: mwaka huu nitaweka akiba, nitasoma, nitafanya mazoezi. Ikifika saa nne asubuhi nia imeshayeyuka, kwa sababu haikupangiwa wakati wala mahali. Leo nitatumia mfano wa akiba ya mfanyabiashara mdogo, maana hapo ndipo wengi mmekwama.

Hatua ya 1: Taja tendo lenyewe.
"Nitakuwa makini na pesa" hakuna anayeweza kukuona ukilifanya. "Nitatia shilingi 1,000 kwenye kibubu" linaonekana.

Hatua ya 2: Lifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku.
Hatua hii msiipite haraka. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi, akaona kwamba anayeamua mapema "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza nia yake zaidi ya yule aliyebaki na nia peke yake. Chukulia mama lishe. Akisema "nitaweka jioni", jioni ni ndefu: kuna mteja wa mwisho, kuna mwenye mkaa anadai, kuna mtoto anataka daftari. Aseme hivi: "Nikishasuuza sufuria ya mwisho, kabla sijavua aproni, nahesabu mauzo." Anatenga mtaji wa kesho, anatoa akiba, kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mpangilio huo usigeuzwe. Akiba ikisubiri mwisho, haipatikani.

Hatua ya 3: Chagua kiasi kinachowezekana hata siku mbaya.
Siku ya mvua wali umebaki nusu sufuria, 1,000 inaweza kuuma. Basi anza na 500. Utaongeza baadaye.

Hatua ya 4: Andika.
Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili katika marathoni, huandika mazoezi yake daftarini kwa mkono wake, na ameyatunza madaftari hayo miaka mingi. Ikiwa yeye hategemei kumbukumbu, sisi tunaitegemea kwa nini? Daftari la shule linatosha: tarehe, mauzo, akiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimesikia siku 21 zinatosha kujenga tabia. Ni kweli?
Jibu: Usiitegemee hesabu hiyo, imewakatisha tamaa watu wengi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Wastani wa muda ulikuwa siku 66, lakini kuna aliyehitaji 18 na kuna aliyekadiriwa 254. Siku ya 22 ukiona bado unajilazimisha, uko sawa kabisa.

Swali: Nikiruka siku moja, naanza upya?
Jibu: Hapana. Utafiti huohuo ulionyesha kukosa mara moja hakuharibu kitu cha maana. Kesho weka kiasi kilekile. Usijitwishe mara mbili kufidia, utachoka.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kibubu changu nyumbani kila mtu anakijua, wanakuja kukopa.
Jibu: Marahaba, mwanangu. Tabia yako haina kasoro, hama mahali tu. Peleka kwenye simu au kikundi cha vicoba. Makato ya simu yakikuzidi, kusanya na utume mara moja kwa wiki, lakini kutenga kubaki kila siku, palepale kwenye sufuria ya mwisho.

Swali: Mimi ni bodaboda, sufuria sina. Nifunge wapi?
Jibu: Kila jioni si unampelekea tajiri hesabu? Ukishamkabidhi yake, kabla hujawasha pikipiki tena, toa ya kwako. Ukiwa umeshalipia pikipiki na ni yako, fanya pale unapojaza mafuta ya kesho: mafuta kwanza, akiba ya pili, ndipo uende nyumbani.