Kupanda na kufundisha farasi wakati wa winta, vile tunavyofanya huku Minnesota

Mtu wa nyumbani akisikia farasi na theluji swali la kwanza ni lile lile, huyo mnyama hasikii baridi? Hata mimi nilipofika huku nikitoka kazi ya usaisi (kutunza farasi) Ngong, Kenya, mahali baridi kali tunayoijua ni ile ya asubuhi ya Julai, niliwaonea huruma sana nikawa nataka kuwafungia ndani na kuwafunika blanketi mbili mbili. Kumbe farasi mwenye manyoya yake kamili ya winta, akiwa mkavu na ana nyasi za kutosha, anastahimili mpaka karibu nyuzi 8 chini ya sifuri kabla mwili haujaanza kutumia nguvu ya ziada kujipasha moto. Lakini akilowa, au ukimnyoa, hata nyuzi 5 juu ya sifuri ashaanza kuhangaika. Kwa hivyo kabla hujafikiria tandiko, jua kazi yako ya miezi hii yote ni kumweka mkavu, kumnywesha, na kutomharakisha.

Naanza na maji kwa sababu hapo ndipo nilijifunza kwa uchungu. Winta yangu ya kwanza, asubuhi moja nilikuta hori limeshika barafu nyembamba kama kioo, nikaivunja kwa kisigino cha buti nikaenda zangu kufanya kazi zingine. Farasi jike niliyekuwa namtunza hakuyagusa hayo maji kutwa nzima, yalikuwa baridi mno kwake, na huku anatafuna nyasi kavu tu. Jioni nikamkuta anakwaruza chini kwa mguu, anageuka kutazama ubavu wake, analala anaamka, kinyesi hakuna. Daktari wa mifugo akaja akasema chakula kimekauka tumboni pakaziba. Alipona, lakini ule usiku sitausahau. Nyasi mbichi za kiangazi, yaani miezi ya joto ya huku, sehemu kubwa ni maji, nyasi kavu zina maji kidogo sana, kwa hivyo ni winta ndiyo anahitaji kunywa zaidi, farasi wa kilo 500 anataka lita kama 30 mpaka 45 kwa siku. Mpe maji ya uvuguvugu, weka hita ya ndoo kama stima ipo karibu (na uangalie waya kila siku maana ukivuja atapigwa shoti mdomoni hatarudi tena kwa hiyo ndoo), halafu umtilie chumvi vijiko viwili vya mezani kwa chakula chake ndio asikie kiu. Usidanganywe eti atakula theluji, haimtoshi kabisa.

Chakula ni rahisi zaidi. Usiku ukitangazwa baridi kali ongeza nyasi kavu, si nafaka, kwa sababu nyasi zikichachuka kwenye utumbo wa nyuma ndizo zinatoa joto, ni kama jiko ndani ya mwili. Kawaida kilo 10 hivi kwa siku kwa huyo wa kilo 500, baridi ikizidi mwongeze. Na kila wiki vua glavu upapase mbavu zake kwa vidole maana manyoya ya winta yanaficha kila kitu, unaweza kuona farasi mnene kumbe amebaki mifupa.

Sasa kupanda. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, usikitoe kwenye msumari ukutani ukamtia moja kwa moja. Chuma cha nyuzi 15 chini ya sifuri kinanata kwenye ulimi kikachuna ngozi. Mimi naingiza ndani ya jaketi, kwapani, nikiwa nampiga brashi, nikimaliza kishapata joto, na kabla sijamvalisha nakishika kwa kiganja kitupu, kama mkono wangu unakikataa basi hata yeye bado. Farasi akiumizwa mara moja tu hapo utashangaa mbona wiki nzima anainua kichwa ukija na hatamu.

Ukishapanda, tembea. Dakika 15 mpaka 20 za kutembea tu, ukiwa umemfunika blanketi jepesi nyonga na mapaja, kisha ndiyo troti, yaani mwendo wa mchakamchaka, na hiyo troti iwe ya polepole na hatamu ndefu. Ikiwa nje ni chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri mimi simkimbizi kabisa, hewa kavu ya baridi akiivuta kwa nguvu inamwasha njia za pumzi, tunatembea tu au namfundisha nikiwa nimesimama chini, nimemshika kwa kamba. Theluji laini ya kufika kwenye vifundo ni nzuri, inamfundisha kunyanyua miguu, ile ya kufika magotini ni kama mchanga mzito wa pwani, dakika chache tu misuli imechoka. Barafu usipande, shuka umwongoze, na njia ya kutoka bandani mwage mchanga.

Kwato zenyewe usizisahau, theluji inajishindilia ndani ya kiatu cha chuma inakuwa donge gumu, farasi anasimama kama amevaa visigino virefu na hapo mguu unateguka haraka sana. Wetu wengi tunawavua viatu mwezi wa kumi na moja, wale wanaobaki navyo fundi wa kwato anawawekea pedi za mpira. Vaselini chini ya kwato inasaidia kwa nusu saa hivi.

Mafunzo, hapa ndipo napenda winta. Jua linazama saa kumi na nusu jioni mwezi wa Desemba, huwezi kwenda mbali, basi unabaki kwenye uwanja wa ndani na unapata nafasi ya kufundisha vile vitu kiangazi unaviruka. Kusimama na kuondoka kwa pumzi yako tu bila kuvuta. Kurudi nyuma hatua tatu. Kusogea pembeni ukimgusa na mguu. Kupita juu ya magogo manne yaliyolazwa chini. Dakika 25, siku nne kwa wiki, ni bora mara mia kuliko saa mbili za Jumamosi. Na mzoeshe mapema mlio wa theluji ikiporomoka kutoka paa la mabati, ule mngurumo unawarusha hata farasi watulivu, mimi nikiuona mwanga wa jua umegonga paa nashuka kwanza, nasimama naye katikati, mkono shingoni, tunausikiliza pamoja mara mbili tatu.

Ukimaliza usimrudishe hivi hivi. Mvuke ukiwa bado unatoka mgongoni, ingiza vidole kwenye manyoya mpaka ngozini, nyuma ya kiwiko na chini ya tandiko, ukipata unyevu bado hujamaliza. Tembea naye, msugue na taulo kinyume cha manyoya yasimame hewa ipite, mfunike blanketi la sufu linalonyonya jasho, ulibadilishe likilowa. Saa zingine inachukua muda mrefu kuliko kupanda kwenyewe, na ndiyo sababu yule anayetoka jasho sana tunamnyoa shingo na tumbo, ila huyo sasa blanketi ni lazima kila siku. Na banda usilifunge kabisa, harufu ya mkojo ikikuwasha macho ujue mapafu yake yanaumia zaidi.

Manyoya yanafuata urefu wa mchana, kwa hivyo Februari theluji ikiwa bado imejaa utaanza kuyaona yamejaa kwenye brashi. Hapo ndipo naanza kuongeza dakika 5 za troti kila wiki, na Aprili barafu ikiyeyuka namwita fundi arudishe viatu.